Usiende Grupu Mkono Mtupu

Wacha niseme kitu kitaudhi watu: grupu nyingi za kusoma hazisomi. Zinakaa tu. Watu wanane, kitabu kimoja, turungi kwa thermos, na mse mmoja pekee ndiye ameshika kalamu. Wengine wanatikisa kichwa, "eeh, hiyo nimeshika." Jioni kila mtu anaenda kwao akiamini amefanya hesabu masaa matatu, kumbe ametazama mtu mwingine akifanya hesabu masaa matatu.

Na nyinyi wa "mimi husoma solo," msicheke bado. Kujifungia na notisi ukipaka kila mstari rangi ya manjano pia si lazima kuwe kusoma. Unaweza kurudia ukurasa mmoja mara kumi mpaka uuzoee, halafu mtihani unakuuliza kitu kile kile kwa njia nyingine na unabaki ukiangalia dari.

Ndio maana swali la "grupu ama peke yako?" mimi naona limeulizwa vibaya. Swali ni moja: gani inaanza? Msimamo wangu: peke yako kwanza, grupu baadaye. Ukigeuza huo mpangilio, umepoteza jioni yako.

Kwa nini naleta hii stori saa hii? Kwa sababu mdogo wangu yuko Form Three hapa Shinyalu. Darasa lao ndilo litafanya KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mwaka wa 2027. Mfumo ulianza 1985, na unafungwa na hawa. Zamani mtu akianguka angesema, "nitarudi darasani na wa mwaka ujao." Wa mwaka ujao hawapo. Wako Grade 10, na mtaala mwingine kabisa. Kwa hivyo hawa wadogo zetu hawana nafasi ya kupoteza masaa kwa kikao kinachoitwa diskasheni.

Sasa ushahidi, msije mkasema natoa mambo hewani.

Kuna injinia Mfaransa anaitwa Max Ringelmann, alichapisha matokeo yake 1913. Alifanya watu wavute kamba, mmoja mmoja na kwa makundi. Kadiri watu walivyoongezeka kwenye kamba, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu kidogo. Sisi tuna neno la hiyo kitu: kutegea. Na kutegea si lazima mtu awe mvivu. Ukijua kuna wengine saba wanavuta, mkono wako wenyewe unalegea.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo msiniite profesa. Lakini nilikaa huko muda wa kutosha kuona kazi za grupu: majina manane kwenye jalada, mwandishi mmoja. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri anamuuliza jamaa wa sita kwenye orodha swali rahisi, na jamaa anaanza kusoma viatu vyake.

Lakini kuna upande wa pili. Miaka ya 1970, Marekani, mwalimu wa hesabu anaitwa Uri Treisman alikuwa chuo kikuu cha Berkeley. Alishangaa kwa nini wanafunzi weusi, wenye bidii na waliofanya vizuri shuleni, walikuwa wanaanguka kalkulasi. Akawafuata kuona wanasomaje, akawalinganisha na wenzao wenye asili ya Kichina. Wale weusi walisoma kwa nguvu, lakini peke yao, mwanzo hadi mwisho. Mtu akikwama, anakwama na siri yake, akidhani ni yeye tu. Wale wengine walifanya kazi peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana kulinganisha majibu na kusahihishana. Treisman akaanzisha vikao ambapo wanafunzi waliletewa maswali magumu wayapiganie pamoja, na matokeo ya wanafunzi weusi yakapanda.

Umeona hiyo? Bidii peke yake haikutosha. Ilihitaji watu. Lakini wale waliokuwa wakifaulu walikuja na kitu mkononi.

Na kwa nini hiyo sehemu ya peke yako ni lazima? Kwa sababu kumbukumbu inajengwa ukiitafuta, si ukitazama. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walipima wanafunzi waliosoma maandishi. Wengine waliyarudia kuyasoma, wengine walifunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliofunga karatasi ndio walikumbuka zaidi. Na hakuna grupu inaweza kukumbuka kwa niaba yako. Kwenye chumba cha mtihani hakuna "sisi."

Sisi wa huku tunafaa kuelewa hii haraka kuliko mtu yeyote. Angalia isukuti, ngoma yetu Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake 2014. Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati, ndogo. Kila moja ina mdundo wake. Mpigaji asiyejua mdundo wake hafichwi na kelele za wengine. Anaharibu, na kijiji kizima kinasikia.

Najua mtaniambia: "Bro, kusoma peke yako ni raha ya wenye nyumba kubwa." Ni ukweli, na hapo sibishani. Kuna mtoto wa shule ya kutwa ambaye akifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna ng'ombe, kuna wadogo watano kwenye chumba kimoja, na taa ni moja. Kitabu chenyewe wanashiriki watatu. Kwake grupu si starehe, ndiyo maktaba yake. Na kuna msichana ambaye mzazi hamruhusu kutoka jioni, kwa hivyo grupu ya saa moja usiku imemtupa nje kabla haijaanza.

Jibu si kumwambia atafute chumba. Jibu ni kukaa pamoja na kusoma kimya. Darasa likibaki wazi baada ya masomo, kaeni humo kabla giza halijaingia. Dakika arobaini za kwanza hakuna anayeongea, kila mtu na karatasi yake. Hapo mko wengi lakini kila mtu yuko peke yake. Kisha ndio mfungue mdomo.

Sheria zangu ni hizi:

1. Watu watatu, wakizidi wanne. Wakifika wanane, hapo ni harusi.
2. Kiingilio ni maswali mawili uliyojaribu ukakwama, na kazi yako ionekane kwenye karatasi. Huna? Kaa pembeni uyafanye kwanza.
3. Anayeelewa kidogo ndiye anaeleza kwanza. Yule mkali anyamaze, asahihishe mwishoni.
4. Simu zote kwa begi, ibaki moja ya kutafuta kitu.
5. Kila mtu aondoke na swali moja la kufanya usiku bila msaada. Hata kama ni kichwani, ukiosha vyombo.

Na wewe mkali unayeogopa "kubeba" wenzako: kueleza ndiko kunakuonyesha mashimo yako. Ukishindwa kumweleza rafiki yako moli ni nini bila kusoma kitabu, basi hujui moli, unajua ukurasa.

Wazazi na walimu wa Grade 10, hii ni yenu pia. Ushirikiano umeandikwa kwenye mtaala mpya kama mojawapo ya stadi saba za msingi, na ni sawa. Lakini mkipeana alama moja kwa grupu nzima bila kumuuliza kila mtoto swali lake, mnafundisha kutegea na kuiita ushirikiano.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujatuma "wasee tunakutana wapi?", uliza kwanza unabeba nini. Kama huna hata swali moja lililokukwaza, bado hujaanza kusoma.

Grupu yenu mko wangapi, na nani hushika kalamu? Semeni ukweli kwa komenti, na msimtaje mtu jina.