Kazi za umeme Mashariki ya Congo: mlango unafungwa kabla ya mahojiano

Kampuni kubwa ya umeme ikitangaza nafasi za kazi, vijana wa Goma, Bukavu na Butembo huweka dosye kwa wingi. Wanaoitwa kwa mahojiano ni wachache, na baadhi yao hurudi nyumbani wakisema hawakuulizwa sana juu ya umeme wenyewe. Je, vijana ndio wanakosa ujuzi, ama shida iko katika namna ya kuwachagua?

Tukumbuke kwanza hali ya sekta hii. Kampuni ya taifa, SNEL, iliundwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mlango mkubwa kwa fundi wa umeme. Sheria ya Juni 2014 ilifungua sekta kwa makampuni binafsi. Leo huko Goma, Virunga Energies inasambaza umeme wa maji kutoka Matebe, wilayani Rutshuru, kwenye mtambo uliozinduliwa Desemba 2015. Nuru nayo inatumia nguvu ya jua. Milango imeongezeka, lakini nafasi zinabaki kidogo: nchini RDC, takriban mkaaji 1 tu kati ya 5 ndiye ana umeme.

Kizuizi cha kwanza kinatokana na hapo. Matangazo mengi huomba uzoefu wa miaka 3 ama 5. Makampuni yana sababu: umeme unaua, na kosa la fundi mmoja juu ya nguzo linaweza kumaliza maisha ya wenzake. Lakini nchi yenye waajiri wachache namna hii, kijana aliyesoma uhandisi wa umeme ULPGL atapata wapi miaka hiyo 5? Jaribio la mikono, mbele ya mita na nyaya, lingeonyesha ujuzi wake kuliko mstari mmoja kwenye CV.

Kizuizi cha pili ni safari. Mahojiano yakipangwa Kinshasa, anayeishi Goma ama Bukavu anajua shida yake. Vita vilivuruga safari za ndege tangu mwanzo wa 2025, na wengi hulazimika kupitia nchi jirani, kwa gharama inayopita mshahara wa miezi kadhaa. Sheria ya kazi inaweka safari ya mfanyakazi aliyeajiriwa mbali na kwao juu ya mwajiri. Yule anayeenda kuhojiwa tu bado si mfanyakazi. Anajilipia.

Kuna pia lugha. Mhandisi atakayeandika ripoti lazima ajue Kifaransa vizuri, hilo halibishaniwi. Lakini fundi atakayeunganisha nyumba za Katindo ama Kadutu atazungumza Kiswahili na wateja kutwa nzima. Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa katika Katiba. Kumhoji fundi huyo kwa Kifaransa peke yake ni kupima shule aliyosoma, wala si kazi atakayofanya.

Kwa wanawake, mambo huzidi. Wapo wanaoulizwa kama wameolewa, ama kama wanatazamia kuzaa karibuni. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inasema uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi katika ajira, na inakataza kumdai mwombaji kazi apime mimba, isipokuwa kwa kazi zenye hatari kwa mama ama mtoto. Na anayedai mwili wa mwanamke ili ampe kazi, sheria ya Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inamhesabu kuwa mkosaji wa kufungwa. Wengi huingia chumbani bila kujua haya.

Inabaki pesa. Baada ya mahojiano, simu inalia: mtu anaomba dola 50 ama 100 kwa njia ya simu ili “dosye isonge mbele.” Mara nyingi hana hata kiti katika kampuni hiyo. Anafaulu kwa sababu kampuni imenyamaza. Pale ambapo waliohojiwa hawapewi jibu, tapeli ndiye anayejibu.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Kampuni itangaze mapema vigezo na alama zake, ihoji watu karibu na pale watakapofanya kazi, na imjibu kila aliyehojiwa, hata kwa ujumbe mfupi wa kukataa. ONEM na wakaguzi wa kazi wangepaswa kulidai hilo. Kijana naye atunze tangazo, tarehe, na jina la kila aliyempigia. Bila ushahidi, malalamiko hayafiki mbali.

Kwa maana kijana akishinda wenzake, wakaaji wote wajue alishinda kwa nini. Hapo hata yule aliyeshindwa atakuwa na sababu ya kujaribu tena.