Yaacheni maji ya throto!

Kuna ugonjwa umetuingia sisi watu wa kompyuta tunaopenda magari, na leo nitausema bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Unaitwa baipasi ya throto. Unamkuta mtu mzima, anayejua hesabu, anayelipwa kuandika programu za benki, ameinua boneti anakuonyesha kipande cha paipu na kuapa kwamba kimempa farasi 5, tena bure. Ukimwuliza amepimaje, anajibu: "Naisikia." Naisikia! Jamani, seva ikiwa polepole kazini huwa tunakubali jibu la namna hiyo?

Kwa msomaji ambaye hana habari na mambo ya boneti, nieleze kidogo. Throto ni lango la hewa la injini. Ndani yake mna kisahani kinachozunguka. Ukikanyaga mafuta kisahani kinafunguka na hewa inaingia kwenda kwenye silinda. Katika magari mengi, waliounda injini walipitisha maji ya rejeta kando ya lango hilo kwa paipu mbili nyembamba. Injini ikishapata moto, maji hayo huwa nyuzijoto 90 hivi. Sasa wapenda baipasi wanasema hivi: hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, ina oksijeni zaidi, kwa hiyo lango lenye moto linakuibia nguvu. Kata paipu, unganisha ncha zake, maji yapite kando. Mtindo huu ulivuma sana Marekani kwa wenye Camaro na Corvette zenye injini ya LS1, na sasa tunao hapa Nairobi kwenye magari yetu yaliyotoka Japani.

Kwamba hewa baridi ni nzito, hilo ni kweli kabisa. Swali ni ngapi? Hapo ndipo watu wote wanakimbia, basi ngoja nisikimbie.

Chukua injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Silinda huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni lita 2 mara 3,000, yaani lita 6,000 kwa dakika, au lita 100 kila sekunde. Kwa hewa ya Nairobi hizo ni karibu gramu 100. Kuzipandisha gramu 100 za hewa nyuzijoto 1 kila sekunde kunahitaji wati 100 hivi. Lango lenyewe tuseme lina upana wa milimita 60 na urefu wa sentimita 8. Hewa inapita humo kwa mwendo wa mita 35 kwa sekunde, maana yake inakaa ndani milisekunde 2 na kidogo tu. Na ukuta wote wa ndani unaoigusa ni sentimita za mraba 150, ukubwa wa postikadi. Nikitumia kanuni za kawaida za wahandisi za joto kutoka kwenye ukuta wa bomba, napata kitu kama wati 100. Tuwe wakarimu, tuseme 150. Hewa imepanda nyuzijoto 1.5. Uzito wake umepungua kwa nusu ya asilimia moja. Kama injini yako ina farasi 130, umekatakata paipu kwa ajili ya kitu kisichofika farasi 1.

Hata mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo gari linapandishwa juu ya rola, ukilipima gari lile lile mara mbili mfululizo namba zinaweza kupishana kwa asilimia 1 au 2. Kiuno chako kina usahihi kuliko mashine?

Tena hewa ikitoka kwenye throto haijafika nyumbani. Inapita kwenye menifoldi iliyofungwa kwa bolti juu ya kichwa cha injini, inapita nyuma ya vali zenye moto, inaingia kwenye silinda ambayo imetoka kulipuka sasa hivi. Mwaka 1967 Gene Amdahl alitufundisha sisi wa kompyuta kwamba kuharakisha sehemu ndogo ya kazi hakuwezi kuharakisha kazi nzima zaidi ya udogo wa sehemu hiyo. Na ukitaka kujua nguvu zako ziko wapi, teremka Mombasa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Farasi zaidi ya 20 umeziacha pwani, halafu unahangaika na moja kwenye paipu!

"Lakini nilisikia tofauti." Nakuamini. Fundi alipofungua throto aliipuliza dawa, akafuta masizi ya miaka 10 kwenye kisahani, akarudisha. Labda alitoa na waya wa betri, kompyuta ya injini ikaanza kujifunza upya. Gari likawa jepesi, na sifa zote zikapewa paipu. Ni kama kuzima seva na kuiwasha, halafu kusifu rangi mpya ya tovuti.

Wengine wanasema: kwenye foleni ya Thika Road throto inachoma mkono. Ndiyo, inachoma, kwa sababu hewa inayopita ni kidogo sana. Lakini kwenye foleni nguvu za ziada unazitaka za nini? Ukikanyaga barabara ikifunguka, hewa ya lita 100 kwa sekunde inarudi na hesabu ni ile ile ya hapo juu.

Sasa maji yaliwekwa ya nini? Kazi moja ni kuzuia barafu isishike kisahani kwenye baridi yenye unyevu. Hili sitalitia chumvi, Nairobi si Hokkaido. Ila kuna kazi ya pili ambayo wauza baipasi hawaitaji. Magari mengi ya miaka ya 1990, Honda kadhaa na Mazda MX-5 ya kwanza zikiwemo, yana vali yenye nta inayoongozwa na joto la maji hayo. Asubuhi vali iko wazi ili injini baridi inguruma haraka kidogo, nta ikipata moto inavimba na kuifunga. Ukikata maji, nta haipati moto vizuri, na injini inaweza kuendelea kunguruma juu siku nzima ikila mafuta. Hongera kwa kuongeza nguvu.

Kinachonikasirisha zaidi ni kazi yenyewe inavyofanywa. Binamu yangu alilipa shilingi 3,500 kwenye gereji moja hapa mjini. Badala ya kuunganisha paipu vizuri, waliziziba ncha kwa bolti na klipu za bei rahisi. Bolti moja ilichomoka akipita Mtito Andei na watoto ndani ya gari. Maji yote yakamwagika, kichwa cha alumini kikapinda, gari likachoma gasketi. Kulala njiani, kuvutwa hadi Nairobi, kusawazisha kichwa upya. Hayo yote kwa nyuzijoto 1.5.

Anayebisha namkaribisha. Nunua sensa mbili ndogo za joto, moja iwe mbele ya throto na nyingine nyuma yake, zifunge kwenye Arduino, rekodi kila sekunde. Siku moja, barabara moja, gari moja, paipu ikiwa imeunganishwa na ikiwa imekatwa. Niletee faili. Video ya mlio wa ekzosi sitaki.