Bustani za Williamsburg na vema niliyompa mwanafunzi

Wasomi wenzangu, wiki iliyopita kwenye semina ya mbinu za kufundisha historia tulibishana mpaka waliokuwa na kipindi baada yetu wakaanza kugonga mlango. Ubishi wenyewe ulimhusu mzee mmoja Mmarekani aliyefariki mwaka 1957, Arthur Shurcliff, msanifu mandhari aliyechora bustani za mji wa Williamsburg, Virginia. Karibu darasa zima lilisema mzee yule alikuwa mwongo. Mimi sikukubali, ila muda ukaniishia mdomoni. Basi namalizia hapa.

Shurcliff alizaliwa Boston mwaka 1870. Alisoma uhandisi wa mitambo MIT, akamaliza mwaka 1894, akagundua moyo wake haupo kwenye mashine. Shida ni kwamba wakati ule Marekani haikuwa na chuo kinachotoa shahada ya usanifu mandhari. Akaenda Harvard, akaokoteza masomo huku na kule, akamaliza mwaka 1896, kisha akajifunzia kazi kwenye ofisi ya akina Olmsted, wakubwa wa fani hiyo. Baadaye akasaidia kuianzisha kozi yenyewe hapo Harvard. Yaani kozi aliyoitaka haikuwepo, akaisoma vipandevipande, halafu akawa mmoja wa walioifundisha! Mwaka 1904 alifungua ofisi yake, akafanya kazi nyingi za bustani za umma kwao Boston, hasa kando ya mto Charles.

Williamsburg ilikuja mwaka 1928, akiwa na umri ambao kwetu mtu anaanza kupiga hesabu za kiinua mgongo. Mji huo ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia kuanzia 1699 hadi 1780, kisha ukasahaulika. Tajiri John D. Rockefeller Jr. alitoa fedha ili urudishwe ulivyokuwa karne ya 18, na Shurcliff akapewa ardhi yote iliyo nje ya kuta za nyumba.

Hapa ndipo wenzangu mlipomwonea. Huyu mtu hakukaa mezani akabuni. Alizunguka mashamba ya zamani ya kusini akipima bustani zilizobaki kwa futi kamba, akasoma ramani za miji ya North Carolina zilizochorwa na Sauthier karne ileile ya 18. Kwa kasri la gavana alikuwa na bahati zaidi: mwaka 1929 ilipatikana kwenye maktaba ya Bodleian, Oxford, sahani ya shaba yenye mchoro wa kasri hilo na sehemu ya bustani yake. Huo ni ushahidi, tena wa kutosha.

Tatizo ni pale ushahidi ulipoisha. Nyuma ya kasri alipanda fumbo la njia, zile kuta za mimea unazopotelea ndani, akiiga lile la Hampton Court, Uingereza. Hakuna kitu kilichoonyesha kwamba gavana wa Virginia aliwahi kuwa na fumbo. Kwenye nyumba za watu wa kawaida alijaza vitanda vya maua vya pembe sawasawa vilivyozungushiwa boksiwudi, mmea ambao kwao unafanya kazi ya michongoma yetu. Wachimbaji wa miaka ile nao walikuwa wakichimba mitaro kutafuta misingi ya matofali, na udongo ambao ungeweza kusema palilimwa nini ukapinduliwa tu.

Sasa, kosa zito silioni kwenye fumbo. Naliona uani. Karne ya 18 karibu nusu ya wakazi wa Williamsburg walikuwa weusi, wengi wao watumwa. Nyuma ya nyumba ndiko walikopika, walikofua, walikopasua kuni na kuchinja kuku. Sisi tuliolelewa na bibi tunaujua uwanja wa namna hiyo: udongo mtupu uliofagiwa alfajiri, jivu, matope karibu na pipa la maji. Shurcliff akaja na maua na njia za matofali, na mahali pa jasho pakawa mahali pa kupiga picha. Wageni wakarudi makwao wakaiga bustani zile wakiamini ndizo za mababu.

Mlisema zing'olewe. Mimi nasema zibaki, ila kila moja iwe na kibao: hapa tuna ushahidi, hapa mzee alikisia, na hapa palikuwa na jiko la mtumwa. Kukisia si dhambi. Anayejenga upya kitu kilichovunjika lazima akisie mahali fulani, na mwalimu wa historia anafanya hivyo kila siku ubaoni. Tofauti ni kama unamwambia mwanafunzi au unampitishia kimyakimya.

Nasema hivi kwa sababu yangu. Mwaka jana nikiwa field nilikuwa nafundisha Kidato cha Pili habari za Kilwa Kisiwani. Nikafika Husuni Kubwa, kasri la sultani la karne ya 14, na lile bwawa lake la pembe nane. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, pembeni ya bwawa walipanda nini?" Sikujua. Mwalimu wa somo alikuwa amekaa dirishani na fomu yake ya tathmini. Nikajibu bila kupepesa macho: mawaridi na asmini. Darasa likaandika. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi kijana yule akaeleza vizuri kabisa habari ya bustani ya mawaridi ya sultani, na mimi kwa mkono wangu nikaweka vema.

Kwa hiyo nilipowasikia mkisema "mwongo, mwongo", nilishindwa kuungana nanyi. Shurcliff angalau alipima kwanza.

Juzi nilimwandikia mwalimu wa somo ujumbe nikamwomba amwambie kijana kwamba yale mawaridi niliyatunga. Amejibu kwamba wameshaingia Kidato cha Tatu na yeye hawafundishi tena, lakini atamtafuta.