Mtoto aliyeibwa akawa daktari wa Karema

Mzazi anayemsindikiza kijana wake stendi ya Tabora kwenda kusoma mbali humpa nauli, sweta na maneno mengi. Adrian Atiman hakupewa kitu. Aliibwa akiwa mdogo karibu na Timbuktu, kando ya Mto Niger, akauzwa jangwani, hadi mapadri wa White Fathers walipomkomboa huko Algeria.

Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 akatumwa Tanganyika, kwa njia ya misafara iliyopita Tabora, wakati watu bado wanauzwa. Fikiria kijana wa miaka 20 na ushee, yeye mwenyewe aliwahi kununuliwa, akitembea humo na sanduku la dawa.

Alifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Misheni ilikuwa ikilea watoto waliokombolewa utumwani kama yeye. Ngozi ilifanana na ya wenyeji. Lugha na chakula, hapana. Akaoa hukohuko, akatibu na kufundisha dini. (Siku hizi wapo wanaoomba uhamisho kabla hawajafungua mabegi.)

Alifariki Karema mwaka 1956. Aliowatibu wakiwa watoto walikwisha kumletea wajukuu.