"Nesi, mtundikie mwanangu dripu"

Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo linalotugombanisha sisi wauguzi na akina mama karibu kila wiki, nalo ni dripu.

Jioni moja tukiwa zamu huku Mbagala aliingia mama amembeba mtoto wa miaka mitatu, homa inawaka. Tulimpima, akakutwa na malaria. Mtoto alikuwa anakunywa, analia kwa machozi, na mchana ule alikuwa amekojoa vizuri. Tukampa dawa mseto na dawa ya kushusha homa, tukamweleza mama namna ya kumnywesha na dalili za kumrudisha haraka. Mama hakuinuka. "Nesi, mtundikie mwanangu dripu." Tukamjibu kwamba haihitaji. Akasema mtoto wa jirani yake alitundikiwa chupa mbili akaamka siku ileile, na kama ni pesa, anazo. Aliondoka amekasirika, akisema tumemdharau.

Hatukumlaumu sana. Machoni pa mzazi kidonge ni kitu kidogo, lakini chupa inayoning'inia juu ya kitanda huonekana ndiyo matibabu yenyewe. Tena mitaani kwetu wapo wanaomtundikia yeyote mwenye fedha, bila hata kumpima uzito.

Basi tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Chupa ya maji ya chumvi ni gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji safi, basi. Ile ya sukari inayoitwa "ya kuongeza nguvu", ukichukua ya nusu lita, mara nyingi ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko vitano au sita vidogo vya chai. Bakuli la uji wa maziwa linaishinda. Na sukari hiyo mwili ukishaitumia, kinachobaki katika damu ya mtoto ni maji matupu, na hapo ndipo penye hatari.

Damu yetu ina chumvi iitwayo sodiamu, ambayo maabara huisoma kati ya 135 na 145 kwa mtu mwenye afya. Figo hufanya kazi usiku na mchana isitoke nje ya hapo. Sodiamu ikishuka sana, maji huingia ndani ya seli za ubongo zikavimba. Ikipanda sana, maji huzitoka zikasinyaa. Kwa vyovyote vile mtoto anaweza kushikwa na degedege na kupoteza fahamu. Chumvi nyingine ni potasiamu, na hiyo ikizidi au ikipungua mapigo ya moyo huvurugika. Kwa hiyo maji ya mshipa ni dawa kamili, yana kipimo chake kama kwinini ilivyokuwa na kipimo chake.

Sasa tuwaeleze utafiti uliotunyenyekeza hata sisi wenye sare. Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, na mapigo dhaifu, damu yake haifiki viungoni, hivyo aongezewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Tulikubali, kwa kuwa lilionekana jambo la akili. Kuanzia 2009 watafiti wakiongozwa na Dk. Kathryn Maitland walilipima jambo hilo katika hospitali sita za Afrika Mashariki: nne Uganda, moja Kilifi nchini Kenya, na moja hapa kwetu, Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Utafiti uliitwa FEAST. Watoto 3,141 waliokuwa mahututi kwa homa waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipewa maji ya haraka yenye albumini, wa pili maji ya haraka ya chumvi, wa tatu hawakupewa maji ya haraka kabisa. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, na damu kwa waliohitaji.

Mnamo Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya maji ya haraka, walikufa watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100. Katika kundi lisilopewa walikufa 7. Wenye malaria na wasio na malaria, hali ilikuwa ileile. Uchambuzi uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kwamba tofauti hiyo ilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi, si mapafu kujaa maji kama wengi tulivyodhani.

Tulipolisikia jambo hili tulinyamaza kimya. Kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka kitanda fulani. Na akina mama, watoto wale walikuwa hospitalini, wanaangaliwa usiku na mchana. Je, huyo anayetundikiwa kwenye chumba cha uchochoroni, mtundikaji ametoka kwenda kununua sigara?

Lakini msitusikie vibaya mkaja kuikataa dripu siku inapotakiwa. Utafiti ule haukuwahusu watoto wa kuharisha, nao kuharisha ni habari nyingine. Wenye nyumba zao Kinondoni hawajasahau Agosti 2015, kipindupindu kilipoanza huko kwao na baadaye kuenea mikoani hata kufika Zanzibar. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa, na kinachotoka si maji peke yake, hutoka na sodiamu na potasiamu. Akishalegea hawezi kunywa, hapo dripu ndiyo uhai. Mtoto wa kilo 10 aliyepita mwaka mmoja hupewa lita nzima kwa muda wa saa tatu, na hatukawii hata dakika moja.

Asiyefikia hapo, anywe ORS. Mwaka 1968 huko Dhaka ilionyeshwa kwamba hata utumbo unaoharisha bado unaweza kupokea chumvi na maji endapo vimeandamana na sukari. Sukari ndiyo inayoifungulia chumvi mlango, na maji hufuata nyuma. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na soda haifai kwa sababu sukari yake imezidi mno. Madafu ni mazuri, yana potasiamu, ila sodiamu yake ni kidogo, hivyo yawe nyongeza tu.

Kosa tunalolikuta sana Temeke ni la kipimo. Mama huchota nusu ya pakiti akaitia kwenye glasi ili "iwe kali ifanye kazi upesi". Hiyo humtilia mtoto chumvi kupita kiasi. Mwingine, kwa kubana matumizi, huitia pakiti moja katika ndoo ndogo. Tafadhali soma maandishi ya pakiti. Nyingi ni za lita 1, na zipo za nusu lita. Kama huna chombo cha kupimia, chupa mbili za maji za nusu lita ndizo lita 1. Chemsha maji, yaache yapoe, mimina pakiti yote, koroga. Yakipita saa 24 yamwage. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo kikombe hadi nusu kila anapoharisha, na mkubwa wake nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika kumi, uanze tena. Ziwa la mama lisikatizwe.

Pamoja na ORS mtoto huandikiwa zinki, na hapo tuna la kujivunia. Watoto 4,500 wa Dar es Salaam na wa Delhi, India, walishiriki katika utafiti uliochapishwa 2020, ukaonyesha kwamba zinki ya miligramu 5 au 10 ilifanya kazi karibu sawa na ile ya 20, na kutapika kukapungua. Wewe shika dozi uliyoandikiwa, na umalize siku zote hata kama choo kimeshakuwa kigumu.

Macho yakidumbukia, utosi ukibonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya ikakawia kurudi, mtoto akashindwa kunywa, au choo kina damu, mbebe uende kituoni usiku huohuo, ukiendelea kumpa vijiko njiani kama bado anameza. Ukifika, na wakiamua kumtundikia, uliza bila woga: haya ni maji gani, na kwa sababu gani? Mwuguzi anayejua kazi yake hatakasirika.

Yule mama wa Mbagala tulimwona tena kliniki baada ya wiki tatu. Alikuwa bado ametununia. Mtoto alikuwa ameshika kipande cha muhogo wa kuchoma, na alipoiona mizani alikimbia hadi getini.