Umebadilika!

Natumaini wewe na mwenzi wako hamjanuniana. Kama mmenuniana, basi karibu kiti, maana mwenzenu ndio kwanza natoka huko.

Chanzo? Mume wangu aliacha kazi. Hakufukuzwa, aliacha mwenyewe! Mtu ana ofisi yenye kiyoyozi, mshahara unaingia kila mwezi bila kukosa, halafu jioni moja anarudi nyumbani na kuniambia kwamba ameandika barua, anataka kufungua karakana ya kutengeneza redio na spika. Jamani! Nilisema mengi siku ile, lakini yaliyomchoma ni haya: “Wewe si yule aliyenioa. Umenisaliti.”

Hakunijibu. Alikwenda sebuleni, akavaa hedifoni na kuweka rekodi yake ya Manchester.

Hapa inabidi nikueleze, maana hiyo rekodi nyumbani kwetu ina hadhi ya mke mwenza. Mume wangu alisoma mwaka mmoja Manchester, Uingereza, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kukusanya rekodi za magendo za Bob Dylan. Tena za onyesho moja tu! Ana santuri tatu, kanda mbili na CD, zote za usiku uleule. Niliwahi kumuuliza zinatofautiana nini, akaniambia hii inasikika vizuri zaidi, ile imekatwa mwishoni. Nikaenda zangu kupika.

Safari hii, baada ya wiki nzima ya “chai iko mezani” na “asante”, nilichoka. Nikakaa pembeni yake, nikasema haya, nieleze. Macho yakamng’aa kama ya mtoto.

Kumbe ni kisa kweli! Tarehe 17 Mei 1966, Dylan alipanda jukwaani katika ukumbi wa Free Trade Hall. Alibakiza wiki moja tu kutimiza miaka 25. Mashabiki wake wengi walimpenda kama kijana wa gitaa kavu na harmonika, anayeimba peke yake mambo mazito. Kipindi cha kwanza aliwapa hicho, nyimbo 7, ukumbi ukatulia na kumpigia makofi. Baada ya mapumziko akarudi na bendi, gitaa la umeme begani, ngoma zinaunguruma, nyimbo 8. Hapo wakamgeukia. Wengine walizomea, wengine wakapiga yale makofi ya polepole ya kumwambia mtu ashuke. Kabla ya wimbo wa mwisho, ilipotulia kidogo, sauti ya mwanamume ikapenya: “Yuda!”

Ndiyo, Yuda yule yule wa vipande 30 vya fedha.

Dylan akamjibu kwamba hamwamini, na kwamba ni mwongo. Kisha akawahimiza wenzake wapige kwa kelele, kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa, wakamalizia “Like a Rolling Stone” kwa kishindo. Nimesikia kwa masikio yangu, nywele zilinisimama.

Kampuni yake ya muziki iliurekodi usiku ule, lakini haikuutoa. Miaka ya mwanzo ya 1970 santuri za magendo zikaanza kuzunguka. Biashara hiyo ilikuwa imeshika kasi Marekani tangu 1969, ilipotoka “Great White Wonder”, nayo ikiwa na nyimbo za Dylan huyohuyo. Sasa cheki kituko: rekodi ya Manchester ilijulikana kama ya Royal Albert Hall, London. Kweli Dylan alipiga Royal Albert Hall, lakini ilikuwa tarehe 26 na 27 Mei, siku kadhaa baadaye. Kosa hilo likaganda. Wakusanyaji wakabishana miaka na miaka: ni ukumbi gani huu, na ni nani aliyepiga kelele? Mwandishi C. P. Lee, ambaye usiku ule alikuwa kijana ndani ya ukumbi, akaandika kitabu kizima, “Like the Night”, kilichotoka 1998. Mwaka huohuo kampuni ikaitoa rekodi rasmi, miaka 32 baada ya onyesho. Hata hapo jalada likabeba jina la “Royal Albert Hall” ndani ya alama za kunukuu, maana kila mtu alishazoea uongo ule. Onyesho halisi la London lilikuja kutolewa 2016.

Na aliyepiga kelele? Walijitokeza wanaume wawili, kila mmoja akisema ni yeye. Mmoja wao alieleza kwamba kilichomuudhi hakikuwa gitaa la umeme lenyewe, bali sauti mbovu iliyokuwa ikitoka kwenye spika.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe mtu anaweza kumwita mwenzake msaliti mbele ya ukumbi uliojaa, dunia ikarudia neno hilo miongo kadhaa, halafu ukimuuliza kwa upole anakwambia tatizo lilikuwa spika!

Mpenzi msomaji, hivi na mimi “usaliti” wangu ulikuwa nini hasa? Nilikaa nikajiuliza. Kazi ilikuwa yake. Karakana amekuwa akiitaja tangu tukiwa wachumba, mimi nikicheka. Hata wale wa Manchester hawakuwa wamefichwa kitu: Dylan alishaanza kupiga gitaa la umeme hadharani 1965, na santuri zake zilikuwa madukani. Walikata tiketi ya mtu wa jana, huku wakijua kabisa ni nani atakayepanda jukwaani leo.

Nikagundua kwamba kuacha kazi hakukuniuma kama kupewa habari barua ikiwa imeshafika ofisini. Spika yangu ilikuwa hiyo. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Akanyamaza, kisha akakubali: aliogopa ningemkatisha tamaa, ndiyo maana akaandika kwanza, akasema baadaye. Akaomba msamaha kwa hilo. Na mimi nikaomba msamaha kwa lile neno.

Sikudanganyi kwamba mambo sasa ni mteremko. Ada za watoto bado zipo palepale, na tumekubaliana karakana tuipe mwaka mmoja, hesabu tukizikagua pamoja kila mwisho wa mwezi. Lakini tunaongea.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, kabla hujamwambia mwenzi wako “umebadilika”, jiulize mambo mawili. Amekuficha kweli, au alikwambia ukacheka? Na kinachokuuma ni jambo lenyewe, au namna ulivyoambiwa? Maneno ya hasira ni kama rekodi za magendo, hujui nani atayatunza. Yule bwana wa Manchester alisema neno moja tu, na mpaka leo watu wanalicheza tena na tena sebuleni kwao, ikiwemo sebule yangu.

Tukutane mwezi ujao. Mpende wako alivyo leo.