Kisu cha kukunja si kosa: familia ya Katuba inunue kimoja kizuri na ijue kukinoa

Katuba, Lubumbashi. Familia nyingi zilizokimbia vita zilifika mjini na vitu vinavyoweza kubebwa kichwani: godoro, sufuria, watoto. Wako waliotoka Mitwaba na Pweto, na wako waliotoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 2025. Mama anayepangisha chumba kimoja katika lupango la watu wengine hukosa vitu vingi, na kisu chenye kukata ni kimoja kati yake. Bila kisu hicho samaki hapasuliwi, lengalenga haikatwi, mfuko wa makala haufunguliwi, na kamba ya kufungia hema au mzigo inakatwa kwa meno.

Hata hivyo, kisu cha kukunja kina jina baya katika komini hii. Kijana akikutwa nacho mfukoni usiku, watu wanafikiri mara moja ni mwizi. Hofu hiyo ina sababu, maana wakaaji wameteswa na wezi wa usiku na hakuna anayependa kukutana na makali gizani. Kijana ambaye hajulikani kwenye avenyu, mwenye lafuzi ya Kalemie au ya Bukavu, ndiye anayeshukiwa kwanza. Kwa hiyo wazazi wengine wanaamua kukitupa kabisa.

Uamuzi huo si mzuri. Kinachofaa ni kukipa kisu makao yanayojulikana: mchana kikae kwenye kazi, usiku kikae ndani ya nyumba, mikononi mwa mama au baba. Mtoto afundishwe kukifunga kabla ya kumpa mwenzake. Kijana anayekwenda kucheza mpira, au kunywa munkoyo na wenzake, hana kazi nacho na akiache nyumbani. Wenyeji nao wasimhesabu kila mgeni mwenye kisu kuwa adui. Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910, umekua kwa mikono ya watu waliotoka mbali. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambini kando ya mji huu huu, na miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Wajukuu wa watu waliowahi kukimbia wako Katuba hadi leo, na wanajua maana ya kushukiwa bure.

Jambo la pili ni pesa. Familia yenye franka chache hununua kisu cha bei ya chini kabisa, kinachezacheza baada ya wiki mbili, kisha inanunua kingine. Afadhali kungoja kidogo na kununua kimoja. Mnunuzi akifungue mwenyewe palepale sokoni. Ubao wa kisu usitikisike kushoto na kulia. Ukifungwa, uingie katikati ya mpini bila kugusa upande. Kiwe na kizuizi kinachoshika kweli, kwa sababu kisu kinachojifunga chenyewe wakati wa kazi hukata vidole vya anayekishika. Kisu cha Opinel cha Ufaransa, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890, kilipata pete yake ya kuzuia mwaka 1955 kwa sababu hiyo hiyo. Makali ya sentimita 7 hadi 9 yanatosha kazi zote za nyumba. Kikiandikwa inox, hakishiki kutu haraka. Chuma cha kawaida hunoleka upesi zaidi, lakini lazima kifutwe maji kila mara na kupakwa mafuta kidogo.

Kisha kuna kunoa, ambako visu vingi huharibika. Kusugua kisu kwenye ukuta wa sementi kunavunjavunja makali. Mashine ya kuzunguka nayo ina hatari yake: chuma kikipata moto hadi kugeuka rangi ya buluu, kimelainika, na hakitashika ukali tena mahali hapo. Njia nzuri ni ya polepole. Jiwe la kunolea liloweshwe maji. Kwa ubao wenye upana wa sentimita 2, mgongo wa kisu uinuliwe milimita 6 au 7 kutoka kwenye jiwe, na kipimo hicho kisibadilike. Kisu kisukumwe kama kinachotaka kukata kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja hadi chuma kidogo kilichopinda kisikike upande wa pili. Kidole kipitishwe kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kufuata makali. Baadaye upande wa pili, halafu zamu moja moja. Mwisho kivutwe juu ya mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia. Kikikata karatasi bila kuichana, kazi imekwisha.

Asiye na jiwe ageuze kikombe au sahani ya udongo. Lile duara la chini lisilong'aa linanoa vizuri, ingawa linachukua muda zaidi.

Watu hukatwa zaidi na kisu butu kuliko kikali, kwa sababu butu husukumwa kwa nguvu na kuteleza. Jeraha la kisu chenye kutu linaweza kuleta pepopunda, na familia isiyo na pesa ya hospitali haiwezi kuchezea hilo.

Kwa hiyo mashirika na parokia zinazogawa sufuria na mablanketi ziongeze kisu kimoja na jiwe moja kwa kila nyumba. Zikishindwa, hata jiwe moja kwa avenyu lingesaidia, likae kwa mtu anayeaminiwa. Mwenyeji na mgeni wakikutana hapo kunoa visu mchana, mbele ya watu wote, watafahamiana kwa majina. Hapo itakuwa vigumu zaidi kumwita jirani mwizi kwa sababu tu ana kisu cha kukatia sombe.